Ulimi wa muuzaji na sauti ya injini

Mwezi wa Machi mwaka 2017 chama chetu cha akiba na mikopo kilinikopesha shilingi 450,000, nizilipe kwa miezi 36. Nilitoka ofisini mwao na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu. Sikuwa na nia ya fahari. Mama yangu mzazi anaishi Kibera, upande wa Makina, katika nyumba ile ile tuliyolelewa. Mimi na familia yangu tunaishi Kawangware. Kila mwezi mama huwa na siku yake ya kliniki ya sukari, na kumpandisha bibi wa miaka sabini na kitu katika matatu mbili alfajiri, magoti yake yakiwa hivyo yalivyo, lilikuwa jambo la kunikosesha usingizi. Nilitaka gari dogo la abiria watano, lenye buti nyuma, lililokwisha kutumika, la bei ya mwalimu. Basi.

Yaliyonipata ndiyo ninayokusudia kuyasimulia. Najua walimu wenzangu wengi wamo njiani kuyatenda niliyoyatenda, tena kwa mkopo kama ule wangu. Isitoshe, kosa lenyewe lilikuwa kosa la lugha, na hiyo ni fedheha kubwa kwa mtu anayelipwa mshahara kufundisha maana ya maneno.

Gari la kwanza kulitazama lilikuwa Kibera kwenyewe, karibu na Ayany. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee mrefu, mkavu, wa maneno machache. Gari lake lilikuwa Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile ambayo mitaani hujulikana kwa tarakimu zake tu, 110. Alitaka shilingi 340,000. Kabla sijauliza lolote alifungua boneti, akaanza kunitajia maradhi ya gari lake kama daktari anayesoma faili la mgonjwa. Gasketi ya juu ya injini inavuja oili kidogo. Shokabsoba ya mbele kushoto imechoka. Mkanda wa ndani wa injini umebakisha kilomita kama 8,000 kabla ya kubadilishwa, na usipobadilishwa utakatika na kukuacha njiani. Mlango wa nyuma uligongwa na mkokoteni mwaka 2011, ukanyooshwa na kupakwa rangi upya. Kisha akanipa daftari la shule, lile la kurasa 96, ambamo alikuwa ameandika kwa hati ya ubaoni kila oili aliyobadilisha, tarehe, kilomita na bei, tangu siku aliyolinunua gari hilo.

Nilimshukuru, nikamwambia, "Nitafikiri, mwalimu." Moyoni nilikwisha kukata shauri. Gari lenye maradhi manne linanunuliwa na nani?

Siku tatu baadaye nilikuwa katika uwanja mmoja wa magari, ambao sitautaja, mbele ya gari la rangi ya fedha lililong'aa hata nikajiona uso. Dalali wake alikuwa kijana mtanashati, mcheshi, aliyeniita "Daktari" mara tu alipojua kazi yangu, na hakuacha kuniita hivyo. Gari hilo, alisema, liliendeshwa na mama mmoja wa kwenda kanisani na kurudi. Injini haijafunguliwa hata siku moja. Halijawahi kupata ajali. Ni la kulipa na kuendesha. Nilipogusa boneti ilikuwa ya moto, naye akaeleza kwamba mteja mwingine alikuwa amelijaribu muda mfupi uliopita, tena angerudi jioni na fedha. Nililipa shilingi 430,000. Siku hiyo hiyo!

Lilikufa Julai, mwezi wa nne. Tulikuwa mimi na mama kwenye Barabara ya Ngong, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua ya rasharasha ikinyesha, tukienda kliniki. Mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatoka nyuma kama wa tanuri la makaa, injini ikanyamaza. Mama hakulalamika. Alitoa shali yake kwenye mkoba, akajifunika kichwa, akasema tutafute matatu. Gari lilivutwa hadi Kawangware, kwa fundi mmoja mwenye gereji yake ya mabati pembeni mwa Barabara ya Naivasha, si mbali na kituo cha 46. Aliifungua injini hiyo iliyokuwa haijafunguliwa. Alikuta imekwisha kufunguliwa, tena na mtu mwenye haraka: kichwa cha silinda kilikuwa kimepinda kwa joto la zamani, kikabandikwa gasketi mpya juu ya upogo, na ndani mkatiwa oili nzito ili kelele zisisikike. Pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma, ilhali mita ya kilomita ilisema gari halijamaliza hata 90,000. Matengenezo yangekula nusu ya bei niliyonunulia. Sikuwa nayo. Gari likabaki pale gerejini, kuku wa jirani wakataga katika kiti cha nyuma, nami nikaendelea kukatwa mshahara miezi 32 iliyosalia.

Mwaka 2019, nikiwa nimesimama na mama tukingoja matatu pale Kibera Drive, ilipita Toyota 110 ya rangi ya samawati iliyokolea, mlango wa nyuma ukiwa na wekundu kidogo pale rangi ilipokuwa haikuoana. Niliujua mlango ule. Ndani mlikuwa na watoto wa shule, sare safi, na dereva nisiyemfahamu. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Kwa muda mrefu nilimlaumu dalali. Bado sijamsamehe, na wala sidhani kwamba ni lazima. Hata hivyo kuna swali lililonisumbua zaidi kuliko hila zake: mbona nilimkimbia mtu aliyeniambia kweli? Mwalimu yule mstaafu alinipa bure habari ambazo ningelipa maelfu kuzipata, nami nikamwadhibu kwa kuzitoa. Dalali alinificha yote, nikamtuza shilingi 430,000. Kama ningekuwa muuzaji, ningejifunza nini kutokana na wanunuzi wa aina yangu?

Mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliliona tatizo hili katika makala aliyoichapisha mwaka 1970, na mfano aliouchagua ulikuwa huu huu wa soko la magari yaliyotumika. Gari bovu Waamerika huliita limau. Sisi, ambao limau kwetu ni tiba ya mafua, tunasema mkweche. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hukubali kulipa bei ya katikati tu, isiyo ya gari zuri wala ya gari bovu. Mwenye gari zuri akiiona bei hiyo humdhulumu, basi huliondoa gari lake sokoni. Yanabaki mabovu. Mnunuzi akigundua hivyo hushusha bei zaidi, na wale waliokuwa na magari ya wastani nao wakaondoka. Majarida matatu yaliikataa makala hiyo kabla ya la nne kuipokea, na mwaka 2001 mwandishi wake alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Nami naona kwamba katika soko letu mnunuzi ana hatia zaidi ya ile ya kutojua. Mara nyingi habari huletwa hadi mlangoni pake, naye akazifungia nje kwa sababu hazikuvaa nguo nzuri.

Tuyatazame maneno ya dalali kama tunavyoyatazama matini darasani. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala iliyochapishwa mwaka 1975, alionyesha kwamba msikilizaji huelewa zaidi ya yaliyosemwa kwa kuwa huchukulia kwamba msemaji anashirikiana naye kwa nia njema. Ndivyo mazungumzo yanavyowezekana. Ukiniambia kwamba injini haijafunguliwa, mimi mwenyewe ndiye ninayemalizia kichwani: kwa hiyo ni nzima. Wewe hukusema hivyo. Hata kama ungekuwa mkweli, injini ya gari la miaka ishirini ambayo haijaguswa na mtu yeyote ni ya kutia wasiwasi, sawa na mzee anayejigamba kwamba hajawahi kupimwa damu. "Liliendeshwa na mama" nayo haisemi lolote kuhusu oili. Na "kulipa na kuendesha" ni kweli tupu. Nililipa, nikaendesha, miezi minne. Nadharia hiyo niliifundisha wiki ile ile niliyonunua gari. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, nikiwakumbuka, waliielewa vizuri kuliko mimi.

Nilirejea kwa fundi wa Kawangware mara nyingi, mwanzoni kwa sababu ya mkweche wangu, baadaye kwa sababu ya mazungumzo yake. Alisoma hadi darasa la saba. Kila gari linalofika pale hulisikiliza kwanza, mikono nyuma, kichwa ameinamisha upande mmoja. Kisha humuuliza mwenye gari linaliaje. Nao wateja, mawakili kwa waendesha teksi, huanza kuiga: linalia tiki-tiki-tiki, linalia gong'-gong' nikikanyaga mafuta, linalia kete-kete-kete nikikata kona, linavuma wuuu, na uvumi unapanda pamoja na mwendo.

Walimu wa Kiswahili watakuwa wamekwisha kutambua darasa gani hili. Ni tanakali za sauti, zile ambazo vitabu vyetu huzitolea mifano ya anguka pu na tumbukia majini chubwi, kisha tukazipitia kwa dakika kumi kama mapambo ya insha. C. M. Doke alizipa jina katika istilahi zake za isimu ya lugha za Kibantu mwaka 1935, akazitambua kuwa aina ya maneno inayojitegemea. Gerejini hazina upambe wowote. Tiki-tiki ya juu juu, inayokwenda na kasi ya injini, ni vali zinazotaka kurekebishwa; bei yake ni ndogo. Gong' nzito ya chini ni beringi za mkono wa pistoni. Ukisikia hiyo, fundi husema, rudisha ufunguo na uage kwa adabu. Kete-kete ya kwenye kona ni kiungo cha ekseli ya mbele. Wuuu ni beringi ya gurudumu. Kati ya tiki na gong' pana tofauti ya shilingi 150,000 pengine, na mtu asiyeweza kuzitofautisha hana haki ya kucheka msamiati wa wasiosoma. Nikumbushe pia kwamba fundi na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja, mzizi wao ni ule wa kufunda. Nilikuwa nikiyafundisha hayo kila mwaka bila ya kuwahi kuketi miguuni pa fundi.

Mwaka 2023, deni likiwa limekwisha na mwingine kama ule ukiwa umekubaliwa, nilianza upya. Safari hii nilimlipa fundi kwanza, kabla ya gari kupatikana. Shilingi 3,000 kwa kila gari atakalolikagua, linunuliwe lisinunuliwe. Marafiki zangu waliniona mpotevu. Magari matano tuliyakataa, maana yake shilingi 15,000 zilikwenda, na hakuna fedha niliyowahi kuitumia kwa utulivu zaidi.

Masharti yake yalikuwa haya. Tufike asubuhi, gari likiwa baridi, na muuzaji aombwe tangu jana yake asiliwashe. Tukikuta boneti ya moto, tunaondoka. Tuliondoka mara mbili. Kuwasha kwa kwanza ndipo injini husema kweli, kwa sababu oili yote imelala chini usiku na vyuma vimekaukiana. Magari yetu mengi ya sasa hayana mkanda wa mpira ndani ya injini kama 110 ya mwalimu, yana mnyororo wa chuma, na mnyororo huweza kudumu maisha ya gari iwapo oili ilikuwa ikibadilishwa kwa wakati. Usipotunzwa, hulia chakacha kwa sekunde chache asubuhi kisha ukanyamaza. Muuzaji akishalipasha moto gari lake, hizo sekunde hutazisikia tena.

Kisha moshi. Wa samawati ni oili inayoungua, ama ringi za pistoni zimelika ama mipira ya vali imekakamaa. Mweusi ni petroli inayozidi, si tatizo la kukimbiza mtu. Mweupe wa asubuhi yenye baridi ni mvuke tu. Mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni maji ya kupozea yanayoingia mahali yasipotakiwa, na huo ndio ulionifukiza mimi na mama pale Barabara ya Ngong. Kifuniko cha oili kikifunguliwa na ndani yake mkaonekana povu la rangi ya maziwa, habari ni hiyo hiyo. Oili ya giaboksi ya kujiendesha yapasa iwe nyekundu safi. Ikiwa ya rangi ya kahawia na inanuka kuungua, giaboksi inahesabu siku.

Bodi aliisoma kwa vidole. Alikuwa na sumaku ndogo ya mlango wa friji, akaipitisha juu ya bati polepole. Ilipoanguka, alijua chini ya rangi pana plasta. Alitazama skrubu za mabawa ya mbele kama zina mikwaruzo ya spana. Alitazama vioo. Magari mengi ya Nairobi huchorwa nambari ya usajili kwenye vioo kwa ajili ya wezi, na kioo kimoja kisichokuwa na nambari huku vingine vyote vinazo ni swali linalostahili kuulizwa. Alivuta mikanda ya usalama hadi mwisho wake, kwani chini kabisa huwa na kibandiko cha tarehe ya kutengenezwa, na tope kavu lililojificha pale juu huonyesha kwamba gari limewahi kulala majini. Mimi sikuwa na habari kwamba mkanda una tarehe. Wewe je, msomaji?

Mita ya kilomita hakuijali hata kidogo. Inarudishwa nyuma kwa dakika chache, alisema. Alitazama usukani ulipong'arishwa na viganja, pedali, na kiti cha dereva ukingoni pale mtu anapotelezea kushuka. Hivyo havina mahali pa kurudishiwa nyuma isipokuwa kwa kuvinunua vipya, na vikiwa vipya katika gari la miaka ishirini navyo vinasema jambo.

Kuhusu umri wenyewe, tusidanganyike. Kwa mujibu wa kiwango KS 1515 cha shirika letu la viwango, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kuanzia Januari 2025, mathalan, yaliruhusiwa yale ya 2018 na baadaye. Kwa hiyo gari la mwaka 2002 unalolikuta leo limekuwa kwenye mashimo yetu kwa muda mrefu kuliko lilivyokuwa kwenye lami ya Japani. Herufi za nambari zitakusaidia: mtindo wa KAA ulianza 1989, KBA ukafuata 2007. Sifa za "limetoka Japani juzi tu" zikitamkwa juu ya gari lenye KB, zipokee kwa tabasamu. Wapo watakaoniambia niagize langu moja kwa moja kutoka huko. Aliye nayo na afanye hivyo, lakini asome karatasi ya mnada, maana hata kule gari lililopata ajali na kutengenezwa huandikwa herufi R, na herufi hiyo hupotea njiani kwa namna ya ajabu. Hata hivyo siamini kwamba gari la pili ni jambo la kuonea haya. Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965, akiwa na nduguye Jaswant, kwa Volvo ambayo ilikuwa imekwisha kutumika mashindanoni kabla haijawa yake. Alikuwa fundi, bila shaka aliifahamu hadi nati ya mwisho.

Liko jambo la karatasi, ambalo fundi haliwezi. Kibera yafahamu uzito wa karatasi kuliko mitaa mingi. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani wa jeshi la Mwingereza, waliishi pale zaidi ya karne nzima kabla ya kukabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Mzee mmoja jirani ya mama alinishika mkono niliponunua gari lile la fedha, akaniuliza iwapo jina langu limeandikwa. Sikuwa nimelihamisha bado. Akatikisa kichwa. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, chasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe hadi ithibitishwe vingine. Rekodi hizo zi mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na nakala yake hupatikana kwa ada ndogo kupitia mtandao wa eCitizen. Nakala hiyo huonyesha jina la mwenye gari, nambari ya chesisi na ya injini, na kama yupo mkopeshaji aliyeandikishwa pamoja naye. Logibuku huwekwa rehani sana siku hizi. Dalali akikwambia kwamba mwenye gari yuko safarini Dubai na yeye ana ruhusa ya kuuza, mngoje mwenye gari arudi.

Gari la sita lilikuwa Corolla ya mwaka 2002, ile iitwayo NZE, yenye nambari ya KB. Mwenyewe alikuwa muuguzi anayeishi Kawangware, upande wa Gatina. Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi: "Dada, lina ubaya gani?" Alinitazama kwa shaka kidogo, kama mtu aliyewekewa mtego. Kisha akasema, "Nikikuambia utapunguza bei?" Nikamwahidi kwamba hapana, ubaya atakaoutaja mwenyewe sitaujadilia bei, ila ule tutakaougundua sisi. Akacheka. Akautaja: kipoza hewa hakifanyi kazi, taa moja ya nyuma ina ufa, oili hupungua karibu robo lita kati ya kubadilisha na kubadilisha, bushi za mbele zitahitaji kuangaliwa kabla ya mwaka kwisha.

Fundi aliwasha gari baridi. Akaweka sikio. Tulilipeleka barabarani, tukapita Dagoretti Corner, Barabara ya Ngong, tukashuka Joseph Kang'ethe hadi Kibera na kurudi, matuta yote. Mwishoni aliongeza jambo moja tu ambalo yule dada hakulitaja, matairi ya nyuma kulika upande wa ndani, na hata hilo naamini hakulijua. Tulipatana shilingi 480,000, elfu 10 zikipungua kwa ajili ya matairi.

Mke wangu aliuliza kwa nini sikutumia kile kipoza hewa kibovu kushusha bei zaidi, maana kila mtu angefanya hivyo. Ningeweza, na huenda ningeokoa elfu 20. Lakini nilikuwa nimemwahidi, na tena nilikuwa nikimfikiria mwalimu yule wa Ayany, alivyokunja daftari lake polepole nilipomwambia kwamba nitafikiri. Sijui wangapi walifikiri kabla yangu na baada yangu. Siku moja nilikwenda kumtafuta nimwombe radhi, nikaambiwa alikwisha kurudi kwao nyumbani Magharibi.

Nilinunua daftari la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza niliyaandika maradhi yote manne ya NZE, na la tano la matairi, kwa kalamu ya wino. Mwezi wa Agosti nilikuwa nikimpeleka mama kliniki, tukapita juu ya tuta pale Makina, naye akageuza kichwa.

"Mwanangu, gari lako leo linalia kwii, kama mlango wa jikoni."

Sikuwa nimeisikia. Nilipunguza mwendo, nikateremsha kioo, tukapita tuta la pili. Kwii. Jioni nilikwenda Kawangware, nikamwambia fundi jinsi mama alivyosema, naye hakuuliza zaidi. Alichukua jeki, akainua gurudumu la mbele kushoto. Bushi. Shilingi 2,800 pamoja na kazi, kilomita 164,310. Nikaandika.